Ukiinua Mkono, Umeapa

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Makanisani rangi ilikuwa zambarau, mshumaa wa kwanza ulikuwa wa kuwashwa siku hiyo, na somo la kwanza lilitoka kwa nabii Isaya, sura ya 63 na ya 64. Lifungueni mlisome tena. Nabii anamsihi Mungu azipasue mbingu ashuke, milima itetemeke mbele zake. Aya chache baadaye anakiri kwamba sisi tu udongo na Bwana ndiye mfinyanzi. Somo hilo halikupangwa na mtu wa Katesh wala wa Dareda. Huja kila baada ya miaka mitatu, duniani kote, mwaka B wa masomo ya Misa unapoanza. Na asubuhi hiyo hiyo, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka Jorodom, vikashuka Gendabi, vikaingia mitaa ya Katesh na kuzoa nyumba pamoja na waliokuwamo. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, najua yaliyosemwa baada ya hapo. Wapo walionong'ona kwamba mlima umelipuka. Wapo walioitafuta dhambi ya Katesh, na wapo waliolishika somo la siku wakasema: mmeona, Mungu ametoa ishara. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba hapakuwa na mlipuko wa volkano: ni miamba dhaifu iliyolowa maji ikashindwa kujishikilia. Nami nawaambia kwa ukali wote nilio nao: anayeutazama mwili wa mtoto uliofukuliwa kwenye tope na kumwambia mama yake kwamba hiyo ni ishara ya hasira ya Mungu, amemsingizia Mungu. Yesu aliulizwa habari za namna hiyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, kisha anauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: hapana. Akawageukia walio hai na kuwaambia watubu.

Maafa hayana neno juu yake. Ishara ina neno. Ishara tunazoziadhimisha Wakatoliki tumekabidhiwa pamoja na ahadi: hapa nitakuwapo Mimi, hapa utanipata, na ukigusa hapa umekubali. Ndiyo maana nataka tuachane kwanza na kubashiri milima, tuzitazame zile ishara zilizo wazi, tunazozishika kila Jumapili kwa vidole vilivyozoea mno.

Shika maji. Yako pale mlangoni, kwenye bakuli la jiwe au ndoo ndogo. Mtu wa Jorodom ataliendeaje bakuli lile? Anajua maji yanaweza kufanya nini. Maji yalimchukulia ng'ombe, yalimchukulia dada. Na bado tunamwambia achovye kidole, ajibariki. Je, tunamkejeli? Tungekuwa tunamkejeli kama Kanisa lingewahi kumwambia kwamba maji ni kitu kipole. Halijawahi. Sikilizeni kwa makini usiku wa Pasaka padre anapobariki maji ya ubatizo. Inatajwa Gharika. Inatajwa Bahari ya Shamu, ambamo watumwa walivuka na jeshi likazama. Mtume Paulo anawaambia Warumi, sura ya 6, kwamba sisi tuliobatizwa tulizikwa. Tulizikwa! Anayebatizwa anashushwa kaburini na Kristo ili afufuke naye. Kanisa lilijua tangu mwanzo kwamba maji yanaua, na ndiyo maana likayachukua hayo hayo kuwa mlango wa uzima. Mkristo wa chini ya Mlima Hanang analielewa hilo kuliko mwanateolojia wa mjini asiyewahi kuliona korongo likijaa.

Shika udongo pia. Yohane, sura ya 9: Yesu anatema mate chini, anafanya tope, anampaka kipofu machoni, anamtuma akanawe. Akanawe wapi? Kwenye birika la Siloamu. Siloamu ile ile, jina lile lile la mnara ulioua kumi na wanane. Mahali palipojulikana kwa kifo pakawa mahali mtu alipofumbuliwa macho, na tope likawa dawa mkononi mwa yule aliyetuumba kwa udongo. Sisemi kwamba tope la Hanang lilikuwa dawa. Nasema hakuna kitu katika nchi hii, hata kile kilichotuua, ambacho Kristo anaogopa kukishika.

Lakini aliyepakwa tope hakukaa pale akisubiri muujiza. Alitembea, akaenda kunawa. Desemba ile, askari wa JWTZ na wanakijiji walipochimba kwa majembe na mitambo, wengi waliochimba walikuwa wamebatizwa. Nawauliza ninyi ambao hamkwenda, mliosimulia habari kwenye simu mkaishia hapo: maji yaliyomwagwa juu ya paji la uso wenu yalisema nini? Yalisema mmezifia nafsi zenu. Waliofiwa walipohamishiwa makazi mapya, nani katika jumuiya ndogo ndogo anajua leo kama wamepata mbegu? Kujibariki kwa maji na kumpita jirani aliyezamishwa na maji ni kiapo cha uongo, na kiapo hicho hatukukila kwa bahati mbaya. Tulikila kwa mkono wa kulia.

Huo mkono wa kulia nao tuuseme. Tazameni watu wanavyofanya ishara ya msalaba. Kidole kinagusa karibu na pua, kinaelea kifuani, kinapepea pembeni, basi. Anayeona kwa mbali angedhani mtu anafukuza nzi. Msalaba mzima una mahali pake: kwenye paji la uso, ambapo krisma ilipakwa siku ya Kipaimara, chini hadi kifuani, kisha bega hadi bega, upana wa mtu anayebeba mzigo. Kabla ya Injili kuna misalaba mitatu midogo ya kidole gumba, akilini, midomoni, moyoni. Kuifanya polepole hakukupunguzii muda wa kuwahi mnadani. Akina mama wengi wa WAWATA ninaowajua huifanya kwa utulivu hata wakiwa na mtoto mgongoni. Wanaume, sijui mnaharakia wapi.

Kuna wanaosema hizi ni desturi za Wazungu, zililetwa Tlawi mwaka 1907 na mapadre Weupe, kisha zikaendelezwa na Wapallotini mpaka Jimbo la Mbulu likaundwa mwaka 1953. Kweli zililetwa. Ila zilipofika hazikukuta nchi isiyo na ishara. Wairaqw walimwita Mungu Looaa, jina la jua, na kwenye vikao vyao walijua kusali slufay: mmoja anatamka baraka na maombi, wengine wanaitikia. Nikisikia litania ya watakatifu usiku wa Pasaka, mwimbaji akitaja na umati ukijibu, siwezi kuamini kwamba masikio ya babu zetu yalihitaji kufundishwa upya. Wadatoga nao humjengea mzee wao mheshimiwa kaburi la bung'eda, kilima cha udongo kinachoinuliwa kwa miezi, ukoo mzima ukishiriki. Kwao mfu hatupwi. Anatukuzwa kwa udongo, kwa jasho, kwa muda. Sisi tunaofukiza ubani kuzunguka jeneza na kunyunyizia maji mwili uliokuwa hekalu la Roho Mtakatifu, tumwambie nini Mdatoga? Tumwambie ametupita kwa uvumilivu, na kwamba ufufuo tunaomhubiria unamstahili mtu aliyekwisha kujua mwili wa marehemu si takataka.

Si kila ishara ya zamani inaingia kanisani. Kafara ya kumtuliza pepo wa mtoni haiingii. Kristo alishatolewa mara moja tu. Ila kuna walioingia Ukristo wakadhani wanapaswa kuona aibu juu ya kila walichokuta nyumbani, na hilo Kanisa halikuwaagiza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, ulifungua mlango huo waziwazi: kisichofungamana na ushirikina katika desturi za watu kinaweza kupokelewa. (Miaka sitini kamili, kesho yake baada ya tope la Hanang. Narudia: sibashiri. Nakumbuka tu.)

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa maana ugonjwa wa pili ni mbaya kuliko uzembe. Ni uhirizi. Rozari inaning'inizwa kwenye kioo cha gari ili gari lisipinduke, na dereva hajawahi kuishika hata kumi moja. Chupa ya maji ya baraka inawekwa nyuma ya kaunta ili wateja waje. Medali inashonewa kwenye nepi ya mtoto, na mtoto huyo huyo ana uzi mweusi wa mganga kiunoni. Wengine wanapanda basi kwenda mbali kununua maji na mafuta ya upako kwa bei iliyobandikwa. Nisikilizeni: neema haina bei, na anayeiuza anauza chupa tupu hata ikiwa imejaa.

Visakramenti vinatenda kwa sala ya Kanisa na kwa moyo uliofunguka. Katekisimu inafundisha kwamba vinatuandaa kuipokea neema, havitoi neema kwa namna ya sakramenti. Havina nguvu ya kumtumikisha Mungu. Mnakumbuka nyoka wa shaba? Mungu mwenyewe alimwagiza Musa amtengeneze, na walioumwa na nyoka jangwani wakamtazama wakapona. Ilikuwa ishara halali kabisa, yenye agizo kutoka juu. Miaka mingi baadaye watu walianza kumfukizia uvumba. Basi mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande, na Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18, kinamsifu. Nami namsifu. Kama rozari yako imegeuka nyoka wa shaba, itoe kwenye kioo, ishike, isali. Ikikushinda, mpe bibi mmoja wa jumuiyani atakayeijua kazi yake.

Ndugu zetu walokole, na baadhi ya Walutheri tunaoishi nao Haydom na kwingine, wakituambia sanamu zetu ni miungu, tusikasirike wala tusijibu kwa matusi. Hoja hiyo ililiumiza Kanisa kwa muda mrefu, picha takatifu zikavunjwa, watu wakateswa, hadi Mtaguso wa Pili wa Nisea mwaka 787 ulipoamua: heshima inayotolewa kwa picha inamwendea aliyemo kwenye picha, na ibada ya kumwabudu ni ya Mungu peke yake. Yohane wa Dameski alikuwa ameshaandika kabla ya hapo kwamba Mungu asiyeonekana hakuchorwa, lakini alipojifanya mwili akaonekana, amejitoa mwenyewe achorwe. Jibu ni hilo. Wakiuliza zaidi, wakaribisheni Misa ya Alhamisi Kuu waone padre akipiga magoti na kuosha miguu ya watu. Hakuna atakayeuliza kama tunaiabudu miguu.

Nimefika kwenye mkate, na hapa sina haraka.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu, na divai iwe ya zabibu. Si muhogo, si mtama. Wengi mmewahi kuuliza kwa nini, na jibu fupi ni kwamba Bwana alichukua mkate wa Pasaka ya Kiyahudi usiku ule, nasi hatumsahihishi. Katika sehemu nyingi za Tanzania ngano hununuliwa dukani. Hanang si hivyo. Sisi ni watu wa ngano. Uwanda wa Basotu ulilimwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 kwa mradi mkubwa wa Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada: mashamba saba, yakiwemo Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, jumla yake kama ekari laki moja. Trekta na mashine za kuvunia zilizofika hapo zilikuwa ajabu ya nchi. Taifa lilihitaji mkate, na taifa lililishwa.

Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Ng'ombe wao walikuwa na ratiba ya kuizunguka, kiangazi hapa na masika pale, na walikuwa na makaburi yao humo, bung'eda za wazee. Walilalamika kwamba jembe la trekta lilipita juu ya makaburi hayo. Walilalamika kupigwa na kufukuzwa, na njia za ng'ombe kufungwa. Kijiji cha Mulbadaw kilienda mahakamani, na kesi hiyo ilifika Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Waliolima hawakuwa mashetani. Walikuwa na mpango wa kulisha watu, na ndani ya mpango huo palikosekana mtu wa kuuliza kile kilima cha udongo katikati ya pori ni cha nani.

Sidai kwamba hostia mliyoipokea Jumapili imetoka Basotu. Nasema hivi: sisi, kuliko Wakatoliki wengi duniani, hatuna ruhusa ya kuinua mkate wa ngano na kusahau kwamba mkate una ardhi, na ardhi ina watu, na watu wana wafu wao. Padre anapoupokea mkate kwenye vipaji husali kwamba ni tunda la nchi na la kazi ya mikono ya binadamu. Nchi ya nani? Kazi ya nani? Mikono iliyofungwa na kuchapwa nayo inahesabiwa? Ishara ya mkate imebeba historia yote hiyo mpaka altareni, nayo haiachwi nje ya mlango kama viatu. Kristo anaifanya kuwa Mwili wake pamoja na deni lililomo.

Na deni si la NAFCO peke yake. Ni letu, tena la mwaka huu. Mkulima Mwiraqw anayesogeza mpaka wake futi mbili kila msimu wa kulima mpaka njia ya ng'ombe imebaki ya kupita mbuzi, kisha anapanga foleni ya komunyo mikono ikiwa imekunjwa vizuri. Mfugaji Mdatoga anayeachia mifugo usiku kwenye mahindi ya mjane, kisha Jumapili anavaa vizuri anakuja na zaka ya ndama. Kijana aliyepiga mtu fimbo kichwani katika ugomvi wa kisima, anayeimba sauti ya pili kwaya ya parokia na kusimama mstari wa mbele wakati wa kupeana amani. Ni amani gani anayoitoa? Wamasai, majirani zetu, hushika majani mabichi mkononi wanapoomba amani, na anayeombwa kwa majani hayo huona vigumu kukataa. Sisi tuna Mwili wa Bwana, na tunaupokea kirahisi kuliko wao wanavyopokea nyasi.

Mathayo, sura ya 5, hatuhitaji kumwomba mwanateolojia atufafanulie. Ukiwa umeleta sadaka yako altareni ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache sadaka pale, nenda kwanza, patana. Hilo ni agizo la liturujia kama yalivyo maagizo mengine tunayoyafuata kwa bidii, kama kuwasha mshumaa wa Pasaka au kupulizwa kwa krisma na askofu katika Misa ya Krisma. Hilo ndilo tumeamua kuliruka.

Basi viongozi wa jumuiya, naomba jambo moja, na naliomba kwa jina la Yesu aliyesulubiwa. Katika sala ya jumuiya ya wiki hii, kabla ya rozari, kila nyumba itaje kwa sauti mgogoro ilio nao: mpaka, njia ya ng'ombe, kisima, shamba la marehemu, mkopo. Atakayeona aibu kutaja mbele za watu amfuate mwenzake usiku. Wazee wa Kiiraqw na wa Kidatoga wenye busara waitwe, hata wasiobatizwa. Wanajua kusuluhisha kuliko sisi. Na Jumapili, vipaji vitakapokuwa vinaandaliwa, aliye na ng'ombe wa jirani zizini mwake ainuke atoke, akamfungulie. Asijali macho ya watu. Akichelewa, padre akae kitini, kwaya iendelee kuimba, tumngoje mpaka arudi.